Wodi ya Giza: Historia ya Dementium na Gemu za Kutisha za Mkononi

Ili gemu imtishe mchezaji kwa giza, lazima kwanza kioo chake chenyewe kiwe na mwanga. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililochangia sana kuchelewesha gemu za kutisha kushika mizizi kwenye konsoli za mkononi. Watu walijaribu mara nyingi, na mara nyingi wakashindwa. Aliyekuja kuonyesha njia hakuwa kampuni kubwa ya Japani iliyoanzisha aina hiyo ya gemu. Ilikuwa studio changa ya watu wachache huko Austin, Texas, na kazi yao ikaitwa Dementium: The Ward.

1989–2003: Mashine isiyo na taa

Nintendo ilipotoa Game Boy mwaka 1989, iliipa kioo kisicho na taa, na ilifanya hivyo kwa makusudi. Mashine ilitumia betri nne na kudumu nazo kwa saa nyingi. Washindani wake, Atari Lynx na baadaye Game Gear ya Sega, walikuwa na vioo vya rangi vyenye taa, lakini walimaliza betri sita kwa saa chache tu. Wanunuzi wakachagua betri. Kizazi kizima cha wachezaji kikajifunza kucheza karibu na dirisha au chini ya taa ya mezani, kikiinamisha mashine huku na huku kutafuta pembe ambayo kioo kingeonekana.

Mwaka huohuo wa 1989, Capcom ilitoa nchini Japani gemu iitwayo Sweet Home kwa ajili ya konsoli ya nyumbani ya Famicom. Mwongozaji wake alikuwa Tokuro Fujiwara. Watu watano wanaingia katika jumba lenye mizimu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kubeba vitu vichache tu, na anayekufa harudi tena. Mwaka 1992 Mfaransa Frédérick Raynal wa kampuni ya Infogrames akaleta Alone in the Dark kwenye kompyuta. Miaka minne baadaye, Machi 1996, Shinji Mikami na wenzake wa Capcom wakayaunganisha yote hayo katika Resident Evil kwenye PlayStation: risasi haba, dawa haba, milango inayofunguka polepole, na utepe wa wino unaohesabiwa kila unapotaka kuhifadhi ulipofika. Mwaka 1999 Konami ikajibu kwa Silent Hill, mji uliofunikwa na ukungu. Ukungu ule ulikuwa na kazi mbili: ulitisha, na ulificha kwamba PlayStation isingeweza kuchora mtaa mzima kwa wakati mmoja. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu ujanja huohuo utarudi baadaye katika historia hii.

Msingi wa gemu hizi ulikuwa uhaba. Mchezaji mwenye risasi mia haogopi kitu, lakini mwenye risasi tatu husikiliza kila mlango.

Mafanikio ya Resident Evil yaliwafanya wenye biashara watamani kuibeba mfukoni. Mwaka 1998 kampuni ya Tiger ikaingiza Resident Evil 2 kwenye mashine yake ya Game.com, yenye kioo cha kijivu kilichoacha kivuli nyuma ya kila kinachotembea. Studio ya HotGen ya Uingereza ikajaribu kuhamishia gemu ya kwanza yote kwenye Game Boy Color, kazi ambayo hata leo inastaajabisha kwa ujasiri wake, lakini Capcom iliisimamisha mwaka 2000 kwa kutoridhishwa na ubora wake. Badala yake ikaja Resident Evil Gaiden, iliyotoka Ulaya mwishoni mwa 2001. Kisa chake kilitokea ndani ya meli. Mchezaji alitembea akitazamwa kutoka juu, na zombi akimkaribia, mtazamo ulibadilika na kuwa wa macho yake mwenyewe, akawa anasubiri alama inayokwenda kushoto na kulia ili afyatue kwa wakati unaofaa. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba zombi wa nukta chache, kwenye kioo kinachohitaji jua ili kionekane, hawezi kumkosesha mtu usingizi.

Game Boy Advance ilikuja mwaka 2001 na nguvu nyingi zaidi, lakini bado bila taa. Konami ilitoa Castlevania: Circle of the Moon pamoja na mashine hiyo, na malalamiko yakaja mara moja kwamba ngome ile ilikuwa na giza mno kiasi kwamba wachezaji hawakuwaona maadui. Mwaka huohuo Doom ilifika kwenye mashine hiyohiyo, damu yake ikiwa imegeuzwa kuwa ya kijani. Ilithibitisha kwamba gemu ya kufyatua risasi kwa mtazamo wa macho ya mhusika inawezekana mkononi, japo bila ile hofu ya asili. Ni mwaka 2003 tu, Game Boy Advance SP ilipotoka, ndipo familia ya Game Boy Advance ilipopata taa ndani ya mashine yenyewe. Tangu hapo mchezaji angeweza kuzima taa ya chumbani na bado akaona.

2004–2006: Skrini mbili na kalamu

Novemba 2004 Nintendo DS iliingia sokoni Marekani. Ilikuwa na skrini mbili zenye taa, ya chini ikiguswa kwa kalamu ya plastiki. Prosesa yake kuu ilikwenda kwa kasi ya megahezi 67, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 4 tu. Katika kila fremu iliweza kuchora pembetatu zipatazo 2,000, idadi ambayo mjenzi wa picha za 3D huimaliza haraka akiweka chumba, meza, kitanda na maadui wawili watatu. Sehemu yake ya 3D, kwa kawaida, ilichora skrini moja kwa wakati.

Ndani ya sanduku la wanunuzi wa kwanza wa Marekani kulikuwa na gemu ya majaribio ya Metroid Prime Hunters. Hapo ndipo fumbo la muda mrefu lilipofumbuliwa. Konsoli za mkononi hazikuwa na kijiti cha pili cha kulengea, na bila hicho gemu ya kufyatua risasi inakuwa mzigo. Hunters ilitumia kalamu: kidole gumba cha kushoto kinatembeza mhusika, mkono wa kulia unaburuta kalamu kwenye skrini ili kugeuza kichwa na kulenga, na kidole cha shahada cha kushoto kinabonyeza kitufe cha bega kufyatua. Gemu kamili ilipotoka mwaka 2006, mikono ilichoka haraka, lakini kulenga kulikuwa kwepesi na kwa uhakika, karibu sawa na kutumia kipanya cha kompyuta.

Mwaka huohuo Capcom ilileta Resident Evil: Deadly Silence kwenye DS, kuadhimisha miaka kumi ya gemu ya kwanza. Iliongeza vipande ambavyo mchezaji alikata mazombi kwa kisu akitumia kalamu, lakini mwili wake ulibaki ule wa 1996. Soko la DS wakati huo lilikuwa likienda upande mwingine kabisa. Nintendogs na mazoezi ya ubongo ya Dkt. Ryuta Kawashima vilikuwa vimewaleta akina mama, wazee na watoto ambao hawakuwahi kushika konsoli. Mashine ilijulikana kwa mbwa wadogo na hesabu za kujumlisha. Ofisa wa mauzo aliyeletewa wazo la hospitali iliyojaa damu kwenye DS alikuwa na kila sababu ya kutikisa kichwa.

2007: Mlango uliofungwa

Austin ni mji wenye historia ndefu ya gemu. Miongoni mwa studio zake ilikuwa Iguana, iliyotengeneza Turok: Dinosaur Hunter ya mwaka 1997 kwa Nintendo 64, gemu ya kufyatua risasi iliyojulikana kwa ukungu wake mzito uliofanya kazi ileile ya ukungu wa Silent Hill. Iguana ilimilikiwa na Acclaim na baadaye ikachukua jina hilo, na Acclaim ilipoanguka mwaka 2004, wafanyakazi wake wakatawanyika. Wawili kati ya waliopitia nyumba hiyo, Jools Watsham na Gregg Hargrove, walianzisha studio yao mwaka 2007 wakaiita Renegade Kid.

Walikuwa na wazo moja kubwa, nalo lilikuwa gemu ya kutisha kwenye DS, kwa mtazamo wa macho ya mhusika. Wakatengeneza sampuli ya kuchezeka na kuipeleka Konami kama pendekezo la Silent Hill ya DS. Watsham alisimulia miaka mingi baadaye jinsi mkutano ule ulivyokwisha: mwakilishi wa kampuni aliwaambia kwamba timu kama yao haingekabidhiwa jina la Silent Hill.

Kwa upande wa Konami, jibu hilo lina mantiki. Studio ilikuwa changa, haikuwa na gemu hata moja sokoni kwa jina lake, na jina la Silent Hill lilikuwa mali ya thamani. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imeikabidhi studio ya Climax ya Uingereza kazi ya Silent Hill: Origins kwa ajili ya PSP, konsoli ya mkononi ya Sony. Lakini naona kukataliwa huko kulikuwa heri kwa Renegade Kid. Wangepewa jina lile, wangefungwa na mji ule, ukungu ule, na mashabiki wenye kipimo chao tayari. Walipokosa jina, walilazimika kujenga mahali pao wenyewe.

Mchapishaji waliyempata alikuwa jirani yao. Gamecock Media Group ilianzishwa mwaka huohuo hapo hapo Austin na Mike Wilson na Harry Miller, watu waliokuwa wameendesha Gathering of Developers miaka ya nyuma. Gamecock ilijitangaza kuwa mtetezi wa studio huru na ilipenda vituko vya kuvuta macho ya watu. Kelele zile ziliwaudhi wengi katika biashara, ila kampuni hiyo ilithubutu pale wakubwa walipoogopa. Ilikubali kuchapisha gemu ya hospitali yenye damu kwenye mashine ya mbwa wadogo.

Ndani ya hospitali ya Redmoor

Mhusika ni William Redmoor. Anaamka usiku katika chumba cha hospitali, dhoruba ikipiga nje, hajui amefikaje. Koridoni analiona jitu likimburuta mwanamke sakafuni. Hana silaha. Kitu cha kwanza cha maana anachokipata ni tochi.

Tochi ndiyo roho ya gemu hii. William anaweza kuishika tochi au silaha, lakini si vyote kwa pamoja. Akimulika, hawezi kupiga; akishika bastola, koridoni kunarudi giza na analenga mahali anapodhani adui yupo. Wachezaji wa kompyuta walikutana na sharti hilohilo mwaka 2004 katika Doom 3, wakalichukia kiasi kwamba mashabiki walitengeneza nyongeza ya kufunga tochi kwenye bunduki, na toleo jipya la 2012 likaja na taa iliyofungwa kwenye vazi la mhusika. Katika Doom 3 mhusika ni askari mwenye ghala la silaha, na ni haki mtu kuuliza kwa nini jeshi halina utepe wa kufungia tochi. William ni mgonjwa aliyevaa nguo za wodini. Kwake sharti lile linakaa mahali pake. Kila mlango unakuwa swali la kuchagua, uone au ujilinde, na kila jibu lina gharama yake.

Timu iligeuza udhaifu wa mashine kuwa nguvu. DS haikuweza kuchora ukumbi mkubwa, basi hospitali ikawa korido nyembamba na vyumba vidogo vilivyofungwa kwa milango. Haikuweza kuonyesha mbali, basi giza likaficha mwisho wa kila korido, kama ukungu ulivyoficha mitaa ya Silent Hill na misitu ya Turok. Kwa kubana hivyo walipata kitu ambacho gemu nyingi za DS hazikukipata kabisa: picha za fremu 60 kwa sekunde, laini, bila kukwama. Anayelenga kwa kalamu anaielewa thamani yake. Mkono ukisogea, jicho la William linasogea papo hapo, na hofu haipati nafasi ya kupoa.

Skrini ya juu ndiyo macho. Ya chini ni mikono: ramani, vitu ulivyobeba, na daftari tupu ambalo mchezaji huandika kwa kalamu kwa mkono wake mwenyewe. Mafumbo ya gemu yana namba za kufuli na alama zilizochorwa ukutani, na hakuna anayekuhifadhia. Usipoandika, utarudi ulikotoka gizani kwenda kutazama tena. Nalipenda daftari hilo kuliko silaha zote za gemu hii. Ukiinama kuandika, unaacha kutazama korido, na hapo ndipo unaposikia kitu kikivuta miguu.

Silaha zinaanzia kirungu cha mlinzi, zinapita bastola na shotigani, zinafika hadi msumeno wa umeme. Maadui ni wagonjwa waliopasuka vifua, minyoo itambaayo sakafuni, na vichwa vinavyoelea hewani vikipiga mayowe. Hao wa mwisho ndio wanaokumbukwa zaidi. Yowe linasikika kabla kichwa hakijaonekana, na mwenye visikilizi masikioni hujua kimekuja upande gani kabla ya kujua afanye nini.

Oktoba 31, 2007

Dementium: The Ward ilitoka Amerika Kaskazini siku ya Halloween. Wahakiki walishangaa DS imetoa wapi picha zile. Walisifu ulaini wa mwendo, sauti, na jinsi kalamu ilivyofaa kulenga. Siku chache baadaye Silent Hill: Origins ilifika PSP, na mashine zote mbili kubwa za mkononi zikawa na gemu nzito ya kutisha msimu mmoja.

Lakini lawama nazo zilikuwa za haki. Ukifa, unarudishwa mwanzo wa sura, hata kama umebakiza mlango mmoja kuimaliza. Maadui uliowaua wanarudi ukitoka chumbani na kuingia tena, kwa hiyo ushindi haudumu. Korido zinafanana mno, na baadhi ya majitu yanarudiwa. Wapo wanaotetea kanuni ya kurudishwa mwanzo wakisema uhaba ndio gemu ya kutisha yenyewe. Sikubaliani nao. Uhaba wa risasi humfanya mchezaji afikiri. Kurudishwa nusu saa nyuma humfanya achoke, na aliyechoka haogopi tena. Safari ya tatu katika korido ileile ni kazi ya kulipa deni. Zaidi ya hayo, konsoli ya mkononi hutumiwa katika vipande vya muda, ndani ya basi au kabla ya kulala, na kanuni ile haikuujali ukweli huo.

Hata hivyo gemu ilipata mashabiki wake. Ilionyesha kwamba DS ina wateja wa watu wazima, na kwamba studio isiyojulikana inaweza kufika pale ambapo majina makubwa hayakujaribu kwa dhati.

2008–2010: Mchapishaji aanguka, gemu ya pili yazaliwa

Gamecock haikudumu. Oktoba 2008 ilinunuliwa na SouthPeak, na Wilson na Miller wakaenda kushiriki kuanzisha Devolver Digital hapo hapo Austin mwaka uliofuata, kampuni ambayo sasa ni miongoni mwa wachapishaji wanaojulikana zaidi wa gemu za studio huru. Dementium ikabaki na mwenye mkataba mpya.

Renegade Kid hawakukaa bure. Injini waliyoijenga kwa ajili ya hospitali waliipeleka mwezini, wakatoa Moon mapema mwaka 2009 kupitia mchapishaji Mastiff. Ilikuwa gemu ya kufyatua risasi zaidi kuliko ya kutisha, lakini iliwafundisha kujenga nafasi kubwa zaidi na kuwapanga maadui kwa akili zaidi.

Mafunzo hayo yanaonekana katika Dementium II, iliyochapishwa na SouthPeak Mei 2010. William sasa anaamka katika kituo kingine cha matibabu, kichwa kikiwa kimepasuliwa na kushonwa. Karibu kila lawama ya 2007 ilijibiwa. Kuhifadhi kuliwekwa sawa, mazingira yakatoka nje ya kuta na kuingia kwenye theluji na mapango, na majitu yakawa na sura na mbinu tofauti. Kama kazi ya ufundi, ni bora kuliko ya kwanza. Kama hofu, mimi bado naichagua ile ya kwanza, kwa sababu hospitali moja iliyofungwa inakukaba kuliko mazingira yaliyo wazi.

Ilikuja wakati mbaya. DS ilikuwa inaelekea mwisho wa maisha yake, na kadi za kunakilia gemu, R4 ikiwa ndiyo maarufu zaidi, zilikuwa zimeenea dunia nzima. Mtu alinunua kadi moja na kuijaza gemu zote za mashine hiyo bila kulipa. Kampuni kubwa ziliweza kumeza hasara. Studio ndogo yenye gemu moja kwa mwaka haikuweza. Mapema mwaka 2013 Watsham aliandika hadharani kwamba uharamia uliliharibu soko la DS kwa watu kama wao, na kwamba ukifika kwenye 3DS kwa kiwango kilekile, wangeacha kuitengenezea gemu.

2011–2013: Capcom yaingia na meli

Nintendo 3DS ilitoka mwanzoni mwa 2011 ikiwa na skrini inayoonyesha kina cha picha bila miwani. Mauzo yalianza vibaya, na Agosti mwaka huo Nintendo ikashusha bei Marekani kutoka dola 249.99 hadi 169.99. Katika miezi hiyo ya wasiwasi, Capcom ilikuwa inaandaa jibu lake.

Kwanza ikaja Resident Evil: The Mercenaries 3D, Juni 2011, gemu ya mapambano ya dakika chache chache iliyozua hasira kwa sababu data iliyohifadhiwa ndani yake haikuweza kufutwa, hivyo aliyenunua katriji ya mkono wa pili alikuta kazi ya mwenzake. Kisha, Januari 2012, ikatoka Resident Evil: Revelations. Mtayarishaji alikuwa Masachika Kawata na mwongozaji Koshi Nakanishi. Kisa chake kinatokea zaidi ndani ya Queen Zenobia, meli ya abiria iliyotelekezwa katika Bahari ya Kati. Miaka kumi baada ya Gaiden, Resident Evil ya mkononi ilirudi melini, safari hii ikiwa na mwanga, sauti, na mashine inayoweza kubeba uzito wake.

Capcom walikuwa wamejifunza jambo ambalo Dementium ya kwanza ililikosa. Revelations iligawanywa vipindi vifupi, kila kimoja kikianza kwa muhtasari wa yaliyopita, ili mtu aweze kucheza kipande, afunge mashine, na arudi kesho bila kupotea. Korido za meli zilikuwa nyembamba na milango yake mizito, ikiipa mashine nafasi ya kupakia chumba kinachofuata. Mwaka 2013 gemu hiyo ilihamishiwa kwenye konsoli za nyumbani na kompyuta. Kwa miaka mingi mkono ulikuwa ukipokea makombo ya sebuleni. Sasa sebule ikawa inapokea kutoka mkononi. Nakanishi baadaye akaongoza Resident Evil 7 ya mwaka 2017, gemu iliyourudisha mfululizo wote kwenye nyumba moja, korido finyu, na mtazamo wa macho ya mhusika.

2014–2016: Haki zarudi, studio yagawanyika

Renegade Kid waliishi miaka hiyo kwa gemu ndogo za duka la mtandaoni la 3DS, Mutant Mudds ya 2012 ikiwa ndiyo iliyopendwa zaidi. SouthPeak nayo ilififia na kutoweka sokoni. Baada ya hapo haki za Dementium zikarudi mikononi mwa studio iliyoitengeneza, na hili ndilo tukio ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa zaidi katika maisha ya gemu hii baada ya kuzaliwa kwake. Gemu nyingi za kizazi kile zilizama pamoja na wachapishaji wao. Mikataba ilinunuliwa, ikauzwa, ikasahaulika kabatini, na leo hakuna anayejua nani wa kuombwa ruhusa.

Desemba 2015 Dementium Remastered ikatoka kwenye 3DS huko Amerika Kaskazini. Picha zilisafishwa, kijiti cha pili kikakubalika kwa wasiotaka kalamu, na kanuni ya kuhifadhi ikarekebishwa hatimaye. Miaka minane ilikuwa imepita tangu lawama ile ya kwanza. Tochi haikuunganishwa na bunduki. Walijua kipi kilikuwa kosa na kipi kilikuwa gemu yenyewe.

Agosti 2016 Watsham na Hargrove walitangaza kwamba Renegade Kid inafungwa. Kila mmoja alianzisha studio yake: Watsham akaanzisha Atooi, Hargrove akaanzisha Infitizmo, na gemu za zamani zikagawanywa kati yao.

2023: Duka lafungwa, wodi yafunguliwa

Machi 27, 2023 Nintendo ilifunga ununuzi katika duka la mtandaoni la 3DS. Kuanzia siku hiyo Dementium Remastered, ambayo ilikuwa ya kupakuliwa, haikuweza tena kununuliwa kihalali kwenye mashine hiyo. Waliokwisha kuinunua walibaki nayo. Wengine wote walikosa.

Miezi michache baadaye, Julai, shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitoa utafiti uliohesabu gemu za zamani zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010. Asilimia 87 hazikuwa zinauzwa tena popote. Gemu za konsoli za mkononi zilikuwa katika hali mbaya zaidi: kati ya zile za familia ya Game Boy, ni chini ya asilimia 6 tu zilizokuwa bado zinapatikana. Dementium ya 2007 ilikuwa wakati huo katika hali hiyohiyo.

Haikubaki hivyo, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Oktoba 2023 Atooi ilitoa Dementium: The Ward kwenye Nintendo Switch, mashine ambayo ni ya mkononi na ya sebuleni kwa wakati mmoja. Anayeitaka hospitali ya Redmoor bila kuwinda katriji za zamani anaanzia hapo, usiku, taa zikiwa zimezimwa na visikilizi vikiwa masikioni. Aliye na katriji ya mwaka 2007 na DS inayowaka aitunze, na amwazime mdogo wake aone mashine ya megabaiti 4 ilivyoweza kumtisha mtu mzima.